FEDHA YA SIKU ZISIZO NA KAZI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Unguja Mjini)



Tumeitwa jioni hii tuseme khabari ya mtu aliyeachishwa kazi, naye huku akitafuta kazi nyingine anakwenda dirishani kudai fedha ambayo sheria imempa. Bwana Katibu alipotuandikia barua, nadhari yake ilikuwa juu ya masharti na fomu. Masharti tutayaeleza, maana si mengi. Lakini lililotusumbua sisi halikuwa masharti, lilikuwa haya. Na juu ya haya hiyo ndipo tutakapokaa zaidi. Mtatusamehe tukisema "sisi" mahali ambapo mtu mwingine angalisema "mimi". Ni desturi ya kurasa zetu, na tena tuliyoyaona hayakuwa yetu peke yetu.

Najua wako humu wanaosema mioyoni mwao kwamba jambo hili haliwahusu, kwa kuwa wanakula mshahara wa Serikali. Lakini kila mmoja wetu ana ndugu, au mpwa, au mtoto wa jirani, aliyeajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Wengi wao wako katika mahoteli ya Nungwi, Kiwengwa na Paje. Mwaka 2019 visiwa vyetu vilipokea wageni zaidi ya 500,000. Mwaka 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, hesabu ile ilishuka ikawa karibu na nusu. Mliwaona wenyewe wapishi, watandika vitanda na makarani wa mapokezi wakishuka kwenye daladala za shamba na mabegi yao, mchana kweupe, siku ya kazi. Baadhi yao hawakutaka kusalimiwa.

Sisi wakati ule tulikuwa Dar es Salaam, karani katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Tulikaa hapo miaka minne kwa mkataba uliofanywa upya kila mwaka. Mwisho wa mwezi wa Aprili 2020 tukapewa barua. Ilikuwa na mafungu mawili tu: la kwanza lilitushukuru kwa utumishi mwema, la pili likatwambia kwamba utumishi huo hautakiwi tena. Imla yake ilikuwa safi. Hatukuona kosa hata moja, nasi tulilitafuta.

Tukarejea Unguja, kwa mama yetu, Kikwajuni. Hapa, mabwana, ndipo tulipofanya jambo la kipumbavu. Tulimwambia mama kwamba tumehamishiwa tawi la hapa mjini. Basi kila siku saa moja na nusu tulitoka na shati lililopigwa pasi na faili kwapani, tukashuka mpaka Malindi, tukaenda tukakaa Forodhani tukitazama majahazi. Jua likizidi tukaingia katika vichochoro vya Kiponda na Hurumzi, tukitembea upesi kama mtu aliyetumwa, maana mtu anayetembea polepole huulizwa anakwenda wapi. Baraza ya Soko Muhogo tuliiogopa kuliko askari. Wazee wa pale, wakiwa na kahawa na dhumna mbele yao, huona kila kitu, na swali lao ni moja: "Leo huendi kazini?" Saa tisa na nusu tukarudi nyumbani tumechoka kweli, kwa sababu kazi ya kutokuwa na kazi huchosha.

Tuliendelea hivyo siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili mama akatuita tulipokuwa tunavaa viatu. Akasema, "Mwanangu, kalamu yako tangu juma lililopita iko mezani. Karani gani huyu aendaye ofisini bila ya kalamu?" Hatukuwa na jibu. Akatwambia tukae tunywe chai, wala hakusema neno jingine siku ile.

Sasa masharti, kwa ufupi. Huko Bara, mtu wa kampuni huchangia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Kila mwezi Mfuko hupokea sehemu 20 katika kila 100 za mshahara wake, baina ya yeye na tajiri wake. Zamani aliyeachana na kazi alizoea kwenda kutoa michango yake. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 yakaweka mahali pake fao la kukosa ajira. Aliyechangia miezi isiyopungua 18, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, wala hana pato jingine, hulipwa sehemu 33.3 katika 100 za mshahara wake kwa muda wa miezi 6. Aliyechangia chini ya miezi 18 hupewa nusu ya michango yake mara moja. Huo ni mfuko wa Bara. Huku kwetu uko Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1998, nao una masharti yake mbali. Kila mmoja na asome masharti ya mfuko wake mwenyewe, asisome ya jirani. Tumeona watu wakigombana barazani usiku kucha kwa kuwa kila mmoja alikuwa akisema juu ya mfuko mwingine.

Mambo haya yote tuliyajua. Tuliyajua tangu siku tuliyopokea barua, kwa kuwa sisi wenyewe ndio tuliokuwa tukiandika orodha za michango katika ofisi ile. Hata hivyo Mei ikapita, Juni ikapita, wala hatukwenda. Nyuma ya bahasha ya barua ile tulipiga hesabu. Mshahara wetu ulikuwa shilingi 600,000. Kwa hiyo kila mwezi zilikwenda 120,000, na kwa miezi 48 jumla ni 5,760,000. Fao kwa mwezi mmoja ni 199,800 (si 200,000, karani hazungushi hesabu), na kwa miezi 6 ni 1,198,800. Tuliitazama hesabu hiyo hata bahasha ikachakaa mikunjo. Walakini mguu haukunyanyuka. Kila tulipojiona tumesimama mbele ya dirisha, tulijiona tumenyoosha mkono.

Haya hiyo ilitoka wapi? Tumelifikiri sana jambo hili, nasi tunadhani ilitoka mahali pengi.

Sehemu tuliipata skuli. Tulisoma sekondari ya misheni, na waalimu wetu walikuwa watu wema waliotulea vizuri. Kengele ililia saa kumi na moja. Kila kijana alikuwa na tuta lake la mihogo, na aliyeacha tuta lake likaota magugu alitazamwa na wenzake mezani siku nzima. Walitufundisha kutoa. Tulichanga kwa ajili ya wagonjwa, tukachanga kwa ajili ya mayatima, tukabeba maji kwa vikongwe. Kupokea hawakutufundisha, labda kwa kuwa waliona ni jambo ambalo kila mtu hulijua mwenyewe. Kumbe silo. Kupokea bila kujidhalilisha na bila kiburi ni elimu, na sisi tulitoka skuli bila ya elimu hiyo.

Na sehemu nyingine ni kongwe kuliko skuli. Katika matembezi yetu yale ya siku kumi na moja tulipita mara nyingi Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa hata lilipofungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe ulikaa baada ya soko. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Muhammed alitoa amri kwamba hali ya utumwa haitatambuliwa tena mbele ya mahakama. Wengi wetu twaijua tarehe hiyo. Sharti lililokuwa ndani yake wachache walijua: kwamba mtu aliyethibitishiwa uhuru wake ilimpasa aonyeshe kuwa ana makao maalumu na njia ya kupata riziki, ama sivyo ataandikwa kuwa mzururaji. Tena uhuru haukuletwa mlangoni. Ilimpasa mtu mwenyewe aende mbele ya wakubwa, asimame, aseme: nautaka. Na wengi hawakwenda. Bwana zao walipewa fidia kwa kuwapoteza; wao waliotumika waliulizwa wanakaa wapi na wanakula nini.

Hatusemi kwamba karani aliyeachishwa kazi ni mfano wa mtumwa. Hilo lingekuwa tusi kwa walioteswa. Tunasema hili tu: katika mji huu, swali "unafanya kazi gani?" lilikuwa swali la mahakama kabla ya kuwa swali la baraza. Liliwahi kuulizwa na mtu mwenye uwezo wa kukufunga. Huenda ndiyo sababu hata leo, likiulizwa na mzee mwema mwenye kikombe cha kahawa, mtu hutazama chini.

Wala haya hii si ya kwetu tu. Uingereza iliweka bima ya watu wasio na kazi kwa sheria ya mwaka 1911, kwa kazi chache kwanza, na malipo yake yalikuwa shilingi 7 kwa juma. Watu waliichukua kama haki, kwa kuwa walichangia. Lakini mwaka 1931, shida ilipokuwa kubwa duniani, Serikali yao ikaweka kipimo cha pato la nyumba: aliyemaliza muda wa bima yake aliendewa nyumbani, akaulizwa mtoto wake anapata nini, na vyombo gani vya ndani vyaweza kuuzwa. Fedha ilikuwa fedha ile ile ya kumpatia mtu chakula. Kilichogeuka ni namna ya kuitoa, na chuki ya jambo lile ikakaa katika nyumba zao miaka mingi.

Na mfano wa kinyume chake tunao hapa hapa Unguja na Pemba. Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kuwalipa pensheni wazee wote waliofika miaka 70, na kiwango cha kuanzia kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Nendeni mkawatazame wazee siku ya malipo. Wamevaa kanzu safi, wamejitanda buibui mpya, wanataniana, wanaulizana khabari za wajukuu. Hakuna anayejificha. Aliyekuwa tajiri na aliyekuwa mchukuzi wamekaa ubao mmoja. Hawakuulizwa "una nini?" wala "kwa nini huna?" Waliulizwa umri, na umri si aibu kwa mtu. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba haya haimo katika fedha. Imo katika kusimama mbele ya watu na kuthibitisha upungufu wako.

Lakini kufahamu ni jambo moja na kwenda ni jingine. Tulikwenda mwezi wa Julai, kwa boti ya asubuhi, na aliyetupa nauli ni mama. Hakutuuliza tunakwenda kufanya nini. Alisema, "Chukua kalamu."

Mstari ulikuwa mrefu. Mbele yetu, nafasi mbili, alisimama mtu mnene mwenye miwani ya jua, ingawa tulikuwa ndani ya nyumba. Tukamtambua kwa kisogo. Alikuwa mkubwa wetu wa kazi, yeye ambaye sahihi yake ilikuwa chini ya barua yetu ya mafungu mawili. Tukageuza uso tukasoma tangazo lililobandikwa ukutani. Tulipogeuka tena, naye alikuwa akisoma tangazo la ukuta wa pili. Tulisoma matangazo hayo kwa muda wa nusu saa. Mwishowe akavua miwani akasema, "Na wewe pia?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mimi walinipa yangu mwezi wa Juni," akasema. "Fungu la kwanza ni lile lile nililokuandikia wewe."

Tukacheka, mpaka bibi mmoja aliyekuwa nyuma yetu akauliza kuna nini. Kisha mzee yule akasema neno ambalo limekaa nasi. Alisema, "Nimechanga miaka kumi na tisa. Mtaani kwetu tuna chama cha kufa na kuzikana. Nikifa leo watanunua sanda kwa fedha ya chama, nami sitaona haya. Basi mbona nikiwa hai nimevaa miwani?"

Tulipokuwa nyumbani na bahasha yetu, tulikuwa tukijipa moyo kwa kusema: ile ni fedha yangu mwenyewe, amana niliyoiweka, naenda kuitwaa. Maneno hayo humnyosha mtu mgongo, lakini si kweli kabisa. Katika ile 120,000 ya kila mwezi mlikuwa na fungu la uzee, na la mzazi, na la aliyevunjika, na la mjane. Wako watakaochanga maisha yao yote wasidai hata siku moja kwa kukosa kazi, na fungu lao litamsaidia mwingine. Kwa hiyo si sadaka, wala si akiba ya chini ya godoro. Ni kama chama cha mzee yule: wengi wamechanga, wala hakuna ajuaye zamu ni ya nani. Mwenye kuidai hajawa mwombaji. Na mwenye kusema "ni yangu peke yangu" amewasahau wenzake. Sisi tulikuwa makosani pande zote mbili, kwanza upande wa haya, kisha upande wa kiburi.

Fedha ilipokuja, iliingia benki kimya kimya, kama mshahara. Wako wasemao kwamba fedha ya namna hii humfanya mtu mvivu. Hao tunawaomba waje waone daftari letu. Kabla ya fedha hiyo tulikuwa tumeandika barua za maombi 9. Katika miezi iliyofuata tuliandika 34. Barua yataka karatasi, na nakala za vyeti, na nauli ya kuipeleka Vuga au Maruhubi au mpaka Tunguu, na shati lenye kola nzima siku ya kuitwa. Mtu mwenye njaa hakubali tu kazi yoyote, kama wasemavyo. Mara nyingi hukosa hata nauli ya kwenda kuikataa. Na zaidi ya nauli, tulirudi kusema kweli. Barazani tulipoulizwa, tulijibu, "Nimeachishwa, natafuta." Ajabu ni kwamba siku ile ile mzee mmoja aliweka dhumna chini akatutajia ofisi mbili zinazotaka makarani. Miezi miwili tulikuwa tukimkimbia mtu huyo.

Sasa tunalo jambo moja zito, nasi hatutaki kulipita, ijapokuwa tungeweza. Katika mwezi wa tatu wa malipo, mwenye duka mmoja wa Mlandege alituomba tumpangie vitabu vyake vya hesabu. Tulifanya kazi hiyo majuma matatu, jioni, naye akatulipa shilingi 90,000 mkononi. Sharti mnalikumbuka: asiwe na pato jingine. Je, 90,000 ya mara moja ni pato? Tulijiambia kwamba si ajira, hakuna mkataba, hakuna mchango uliokatwa. Tulijiambia pia kwamba tukienda kuuliza huenda malipo yakasimamishwa, na mama alikuwa na deni dukani. Hatukuuliza, na hatukusema. Fao likaendelea kuja, nasi tukalipokea.

Baadhi yenu mtasema ni jambo dogo. Mkubwa wetu yule wa miwani, tulipomsimulia baadaye, alisema hivyo. Lakini sisi ni makarani. Kazi yetu ni kuandika lililokuwapo. Tuliona haya kwenda kudai haki yetu miezi miwili na zaidi, kisha tulipokosa kweli hatukuona haya ya kutosha kutupeleka dirishani. Haya ilikuwa imewekwa mahali sipo. Tungaliitumia vema tungaliibakiza kwa siku ile. Hatujui hata leo kama wangetukata au wangetwambia twende zetu; tunajua tu kwamba hatukuuliza, na jambo hilo bado linatukereketa kama mchanga ndani ya kiatu.

Mwezi wa Februari 2021 tuliajiriwa katika Serikali, katika barua ile ya 34, tukawa miongoni mwenu.

Bwana Mwenyekiti, tuna ombi moja kwa Chama. Wako kati yetu wanaoandikwa kwa muda, miezi mitatu mitatu. Muda wao ukiisha hawaji tena mikutanoni. Tulidhani wana hasira nasi. Sasa tunajua wamekwenda kutazama majahazi. Tunaomba Bwana Katibu asifute jina la mtu kwenye orodha kwa kukosa kazi, wala ada ya miezi ile asiidai, na waraka huu upelekwe mlangoni kwake kama kawaida.

Na kama yuko mwanachama, au mpwa wa mwanachama, mwenye barua ya mafungu mawili mfukoni ambayo hajamwonyesha mtu, sisi tunakaa meza ya pili kutoka dirishani, na Jumamosi tupo nyumbani Kikwajuni. Fomu tutamsaidia kuzijaza. Ikiwa mfuko wake ni wa Bara, tutapanda naye boti ya asubuhi na tutasimama naye katika mstari. Achukue barua, kitambulisho, khabari za benki, na kalamu. Miwani ya jua aiache nyumbani.